Nywele za Kushonea Zisizojitangaza

Mteja anayeniambia kwamba anataka nywele za kushonea zitakazoonekana kama zimeota kichwani mwake mara nyingi huwa amebeba mkobani mafungu manne ya inchi 24, nyeusi tititi na zenye mng'ao unaoonekana tangu mlangoni. Nimekuwa msusi hapa Kirumba, Mwanza, kwa muda wa kutosha kuwa na msimamo wangu juu ya jambo hili, na baadhi ya wenzangu hawaupendi kwa sababu unapunguza mauzo: nywele za kushonea huonekana za asili kadiri unavyopunguza. Unapunguza urefu, unapunguza wingi, unapunguza mng'ao, na zaidi ya yote unapunguza nguvu ya kuvuta mistari, yaani nywele zako mwenyewe zilizosukwa chini yake. Mambo yote nitakayoyaeleza hapa, tangu dukani hadi siku ya kufumua, yanatokana na hilo.

Tuanze na urefu. Nywele za binadamu huota takriban sentimita moja kwa mwezi, hivyo inchi 24, ambazo ni kama sentimita 60, ni kazi ya miaka mitano bila kukatwa na bila kukatika. Jirani aliyekuona kanisani Jumapili iliyopita ukiwa na mabutu mafupi hatadanganyika Jumapili hii kwa nywele zinazogusa kiuno, hata kama umezilipia pesa ya ada ya mtoto. Inchi 12 hadi 14 zinafika mabegani au kuyapita kidogo, na hapo macho ya watu hayaanzi kuhesabu. Rangi nayo ina hila yake. Namba 1 ni nyeusi iliyokolea kupita nywele za watu wengi, ambazo zikipigwa na jua huonyesha hudhurungi kidogo, na ndiyo maana ninashauri namba 1B, nyeusi isiyokolea sana, kwa karibu kila mtu ambaye hajapaka rangi wala hina nyeusi.

Kuhusu wingi, fungu moja la nywele za binadamu kwa kawaida lina uzito wa gramu 100. Uzito huo haubadiliki nywele zikiwa ndefu, kwa hiyo fungu la inchi 22 lina utepe (ule ukanda ambao nywele zimeshonewa kiwandani) mfupi kuliko fungu la inchi 12, kwa sababu gramu zile zile zimegawanywa kwenye nyuzi ndefu zaidi. Hapo ndipo ushauri wa "nunua mafungu manne" unapotoka, na una maana kwa nywele ndefu sana. Kwa inchi 12 au 14 mafungu mawili yanatosha kichwa cha kawaida, na mara nyingine hubaki kipande. Mwanamke mwenye kichwa kidogo na uso mwembamba akishonewa mafungu manne anaonekana amevaa kofia, na hakuna mkasi wa kupunguzia utakaomwokoa bila kuharibu nywele alizozinunua.

Soko la nywele lina maneno mengi kuliko ukweli. Pakiti zinazoandikwa Brazil au Peru zinataja jina la biashara zaidi kuliko mahali zilikokatwa. Sehemu kubwa ya nywele za binadamu zinazouzwa duniani hutoka India, zikiwemo zile ambazo mahujaji hunyolewa kama sadaka katika hekalu la Tirumala, jimbo la Andhra Pradesh, na ambazo hekalu huziuza kwa mnada. Nyingi nyingine hupitia viwanda vya China, hasa vya mji wa Xuchang katika jimbo la Henan. Alama za ubora kama 8A na 10A nazo hazina chombo chochote cha kimataifa kinachozisimamia, hivyo kila muuzaji hupanda ngazi anavyotaka. Yaliyo muhimu ni magamba. Kila unywele umefunikwa na magamba madogo sana yanayolala kuelekea ncha, yamepangana kama vigae vya paa, na nywele zilizokatwa kwa pamoja kutoka kichwa kimoja zikabaki zimeelekea upande mmoja huteleza bila kugombana. Nywele zilizokusanywa ovyo, mizizi na ncha zikiwa zimechanganyika, magamba yake hushikana. Basi kiwanda huyaondoa kwa tindikali na kuzipaka silikoni zing'ae. Ukiziosha mara mbili tatu silikoni inaondoka, na kuanzia hapo unalala na nywele na kuamka na fundo.

Kwa hiyo sinunui nywele kwa macho. Ninachukua unywele mmoja na kuupitisha kati ya vidole kutoka kwenye ncha kurudi kwenye shina, nikitafuta ukinzani mdogo unaothibitisha kwamba magamba yapo. Kisha ninaomba ruhusa ya kuchoma nyuzi mbili tatu. Nywele za binadamu hutoa harufu ile ya kuku anayebabuliwa manyoya na kuacha majivu yanayosagika, ilhali za plastiki huyeyuka na kuganda kijidonge kigumu. Muuzaji anayekataa jaribio hilo amekwisha kujibu. Sisemi kwamba nywele za plastiki hazifai, kwa kuwa kwa mtindo mfupi utakaokaa mwezi mmoja zinatosha na zinaheshimu mfuko, ila zisipigwe pasi na zisiuzwe kwa bei ya zile nyingine. Bei yenyewe ilipanda kwa sababu nyingine pia: katika bajeti ya mwaka 2019 Serikali iliweka ushuru wa asilimia 25 kwa nywele bandia zinazoingizwa nchini na asilimia 10 kwa zinazotengenezwa hapa, na tangu hapo wateja wangu wamekuwa wepesi zaidi wa kutunza walichonunua.

Nywele zako mwenyewe zinahitaji maandalizi ambayo watu wengi huyaruka kwa sababu siku ya saluni huwa na haraka. Zioshwe kwa shampuu inayoondoa mabaki ya mafuta na jeli, zipakwe kondishina nzito, zichanwe hadi zisiwe na fundo hata moja, ncha zilizopasuka zikatwe, na zikauke kabisa. Anayetumia dawa ya kulainisha nywele asije siku hiyo hiyo akataka kushonewa. Dawa huvunja baadhi ya vifungo vinavyoupa unywele nguvu, na ngozi huwa imesisimka. Ninaomba wiki mbili zipite, na nisipokubaliwa ninampa mteja jina la saluni nyingine.

Sasa nifike kwenye mistari, ambako ningependa kukaa zaidi, kwa kuwa hapa ndipo kichwa kinapoamuliwa kitakuwa bapa au kitakuwa na matuta. Kushonea nywele juu ya mistari si ufundi wa juzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Christina Jenkins, mwanamke Mweusi wa Cleveland, Ohio, alipata hataza ya Marekani kwa njia yake ya kuunganisha nywele za nyongeza na nywele za mtu kwa nyuzi, badala ya kuzibana kwa vibanio. Kazi ya mwanzo ilikuwa na unene ambao mteja wa leo asingeuvumilia, na sehemu kubwa ya maendeleo yaliyofuata yamekuwa ya kupunguza unene huo. Mistari minane hadi kumi na miwili inatosha kichwa kizima. Ikiwa michache na minene, utepe unapanda na kushuka juu yake. Ikiwa myembamba mno, kila mstari unabeba uzito kwa nywele chache na kuzing'oa.

Mwelekeo wa mistari hufuata mtindo. Kwa nywele zitakazolala nyuma au kugawanywa katikati, twende kilioni ya kawaida inafaa. Kwa mteja anayetaka kugawanya pembeni, mistari hupangwa ikiinama kuuzunguka mgawanyo huo, na kwa yule atakayewekewa kloja, kipande cha lesi chenye nywele kinachofunika mgawanyo, ninapenda mistari iliyonyooka chini ya kloja na inayozunguka kichwa katika sehemu iliyobaki. Kosa linaloharibu mitindo mingi ni la mikia ya mistari. Msusi akiikusanya yote kisogoni na kuifunga pamoja, panatokea nundu ambayo hakuna nywele zinazoweza kuificha, na mteja ataisikia kila akiegemea kiti. Mikia inatakiwa kutawanywa, mmoja ulale kulia na mwingine kushoto, kisha ishonwe bapa juu ya mistari mingine.

Halafu kuna suala la maumivu. Kuna imani iliyoenea kwamba msuko usiouma hautadumu, na nimeona akina mama wakiwasihi wasusi wavute zaidi ili pesa yao irudi. Msuko unaokunyima usingizi, unaokulazimisha kutafuta dawa ya maumivu, au unaoacha vipele vyeupe kando ya paji la uso siku ya pili, unavuta mzizi wa unywele kutoka mahali pake. Upara unaotokana na kuvutwa nywele umeandikwa na madaktari tangu mwaka 1907, walipouona kwa wanawake wa Greenland waliofunga nywele zao kwa kukaza sana, kwa hiyo haukuanza na sisi wala hautokani na aina ya nywele zetu. Mwanzoni hurekebishika: ukiacha kuvuta, nywele hurudi. Mvuto ukiendelea kwa miaka mizizi hugeuka kovu, na kovu halioti kitu, hata upake mafuta ya nyonyo asubuhi na jioni. Hatari huwa kubwa zaidi kwa nywele zilizotiwa dawa kisha zikasukwa kwa kukazwa, ambao kwa bahati mbaya ndio mpangilio unaopendwa sana wakati wa harusi na send-ofu.

Ndiyo maana mstari wangu wa pembeni hauanzii kwenye ukingo wa nywele. Naurudisha nyuma sentimita moja au zaidi, na malaika, zile nywele laini fupi za mbele na za kando ya masikio, ninaziacha huru kabisa. Mteja mmoja wa umri wa mama yangu, aliyekuja kwa ajili ya kipaimara cha mjukuu wake, aliniuliza, "Mayu, mbona huzishiki hizi za mbele?" Nilimjibu kwamba hizo ndizo zitakazowafanya watu waamini kwamba zilizo nyuma yake ni zake, na akanyamaza ili niendelee.

Kushona kwenyewe hufanywa kwa sindano iliyopinda na uzi mweusi imara. Sindano hupita chini ya mstari na kuuzunguka utepe, wala haiutoboi, kwa sababu kila tundu kwenye utepe linalegeza mshono wa kiwandani na nywele huanza kumwagika. Kwa sababu hiyo hiyo ninakunja utepe mwishoni mwa safu badala ya kuukata, isipokuwa pale ambapo mkunjo utaleta unene kwenye mgawanyo. Ninaanza chini kisogoni na kupanda, nywele ndefu chini na fupi juu iwapo mafungu yana urefu tofauti. Sehemu ya nyuma tepe zinaweza kuachana kwa upana wa kidole. Karibu na utosi husogea zaidi. Neti juu ya mistari inagawanya uzito vizuri na ninaitumia kwa mwenye nywele chache au mwenye sehemu zilizonyonyoka, lakini kwa mwingine yeyote inazuia kuosha ngozi ya kichwa na kushikilia maji, na sioni faida yake.

Mwanza ina mtihani wake wa kupima kazi ya msusi, nao ni upepo. Mchana, nchi kavu ikishapata joto, upepo huvuma kutoka ziwani kuja mjini, na mwanamke anayeshuka kwenye kivuko cha Kamanga au anayetembea kando ya ziwa karibu na Jiwe la Bismarck anafunuliwa nywele juu ya sikio bila kutaka. Hapo utepe wa kwanza wa pembeni unaonekana kama ulishonwa karibu mno na ukingo. Kabla mteja hajainuka kwenye kiti changu, ninamwinamisha, ninamtikisa, ninainua nywele za pande zote mbili na kumpa kioo cha mkononi aone kile ambacho abiria wenzake watakiona. Kinachoonekana hapo hurekebishwa hapo. Kukirekebisha baada ya kulipa huwa ni ugomvi.

Mgawanyo wa juu una njia mbili zinazostahili kujadiliwa. Ya kwanza ni kuacha nywele zako mwenyewe nje, kiasi cha sentimita mbili hadi tatu kila upande wa mgawanyo na mstari mwembamba mbele, ili zifunike tepe. Hakuna kitu kinachoshinda ngozi yako halisi kwenye mgawanyo wako halisi. Gharama yake ni kwamba nywele hizo chache zinalazimishwa kufanana na nyingine kila siku. Ukishonewa nywele zilizonyooka kabisa, utapiga pasi asubuhi, na wakati wa masika unyevu utakuwa umezirudisha kabla hujafika stendi ya Nyegezi. Hii ni kwa sababu pasi hunyoosha vifungo vya muda tu ndani ya unywele, vile ambavyo maji huvifungua na kuvijenga upya katika umbo lake la asili. Utapiga tena jioni, na baada ya miezi michache ile sehemu ya mbele inakuwa fupi kuliko kichwa kizima. Dawa yake ni kuchagua nywele za kushonea zenye ukwaruzo, zinazofanana na nywele zetu zilizonyooshwa kwa draya, au zenye mawimbi, ili zako zikijikunja kidogo zisisaliti kitu. Anayelazimika kutumia pasi asizidi nyuzi joto 180 na atangulize mafuta ya kukinga joto.

Njia ya pili ni kloja, kipande cha lesi cha inchi nne kwa nne ambacho nywele zake zimefungwa moja moja, kinachoshonwa juu ya mgawanyo ili nywele zako zote zilale salama chini. Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa mwenye nywele dhaifu mbele. Kloja mpya huonekana bandia kwa sababu mbili: mafundo yake ni vidoti vyeusi, na nywele zimejaa sawasawa kila mahali tofauti na mgawanyo wa mtu yeyote. Vidoti hupunguzwa kwa kuchubua rangi ya mafundo kwa uangalifu, kwa kuwa dawa ikizidi fundo linalegea na nywele zinadondoka. Wingi hupunguzwa kwa kung'oa nywele chache kwa kibano kando ya mgawanyo. Poda kidogo ya rangi ya ngozi yako hukamilisha. Kloja ninaishona pande zote na siigandishi. Gundi kwenye ukingo wa nywele inawaletea wengine mzio, na inapobanduliwa huondoka na malaika nilizozieleza hapo juu.

Mteja akiondoka, kazi inakuwa yake, na hapa nasikia visingizio vya kila namna. Kikubwa ni kwamba nywele za kushonea hazioshwi. Ngozi ya kichwa haijui kwamba imefunikwa. Inaendelea kutoa mafuta na jasho, na hamira ndogo zinazoishi juu yake huendelea kula mafuta hayo na kuleta mba na muwasho. Osha kila baada ya wiki moja au mbili. Changanya shampuu na maji kwenye chupa yenye mdomo mwembamba, elekeza mdomo huo kati ya mistari, sugua kwa ncha za vidole na si kwa kucha, kisha suuza ukiwa umesimama ili maji yateremke kuelekea ncha. Usizikusanye nywele juu ya kichwa na kuzifikicha, kwani hapo ndipo zinapofungamana. Maji ya bomba ya hapa mjini hutoka ziwani na ni laini, hayana chumvi nyingi, hivyo shampuu kidogo inatoa povu la kutosha. Kondishina ipakwe kuanzia katikati ya urefu hadi ncha. Ikikaa kwenye tepe inalegeza mishono.

Kukausha ndiko kunakotenganisha kichwa kinachonukia na kinachonuka. Nywele za nje hukauka upesi na kudanganya, wakati mistari iliyo chini bado imelowa, imebanwa kati ya ngozi na tepe bila hewa. Ukifunga kitambaa juu yake na kulala, baada ya siku mbili harufu ya nguo iliyovunda itakufuata kwenye daladala. Kaa chini ya draya dakika 45 hadi saa nzima, kisha ingiza kidole kati ya tepe hadi kwenye mstari na uhakikishe. Kwa asiye na draya nyumbani, osha asubuhi ya siku yenye jua, gawanya nywele kwa vibanio na ukae barazani. Kuosha saa mbili usiku kwa sababu ndipo watoto wamelala ni kujitafutia kazi.

Wanawake wanaofanya biashara pale Mwaloni, kwenye dagaa na sangara, wana shida ambayo msusi wa Dar es Salaam huenda asiifikirie. Nywele za binadamu hunyonya moshi na harufu kuliko za plastiki, na hazipati mafuta mapya kutoka kichwani. Kwao ninashauri mtindo mfupi, kilemba cha kitambaa kizito wakati wa kazi, na kuosha kila wiki bila kukosa. Waendesha bodaboda na abiria wao wavae kitambaa laini chini ya helmeti, ambayo hukwaruza mgawanyo na kukusanya jasho la watu wengi. Anayeoga ziwani azisuke nywele mkia mmoja kwanza na azisuuze kwa maji safi baadaye, achilia mbali habari ya kichocho, ambayo ni sababu nzuri zaidi ya kutooga kabisa.

Usiku, kitambaa cha satini au foronya ya satini. Kanga ni ya pamba. Hunyonya mafuta na kusugua nywele hadi zikatike, na ninasema hivyo ingawa nalala na kanga mabegani kama kila mtu. Zisuke mikia miwili mikubwa kabla ya kulala. Asubuhi chana kwa chanuo lenye meno mapana kuanzia ncha, ukipanda kidogo kidogo, na mkono mwingine ukishika juu ili utepe usivutwe. Mafuta yawe matone machache ya aina nyepesi. Kipindi cha kiangazi, vumbi likitanda kuanzia Igoma hadi Buzuruga, mafuta mazito hugeuka tope kichwani.

Muda wa kukaa nazo ni wiki sita hadi nane. Hesabu yake ni ile ile ya sentimita moja kwa mwezi: baada ya miezi miwili msingi umesogea karibu sentimita mbili kutoka kwenye ngozi, utepe unaning'inia, unapinda na kusokota shina la nywele zilizoota. Kukaza upya safu za pembeni katikati ya muda huo kunaruhusiwa. Kukaza ili kufikisha miezi minne kunaishia kwenye chanuo lililojaa nywele zako.

Siku ya kufumua isifanywe gizani wala na mtoto wa jirani mwenye haraka. Tafuta fundo la uzi, inua utepe, kata uzi peke yake kwa mkasi mdogo wenye ncha, na uvute taratibu. Mistari ikishafumuliwa kutatoka nywele nyingi, na wapo walioniita kwa kilio. Mtu hupoteza kawaida nywele 50 hadi 100 kwa siku. Ndani ya siku 56 hizo ni kati ya 2,800 na 5,600, na nyingi kati yake zilibaki zimeshikiliwa na msuko badala ya kuanguka. Ukitazama ncha utaona kijidoti cheupe cha mzizi, kinachoonyesha kwamba unywele ulimaliza muda wake. Vipande vifupi visivyo na kijidoti hicho ni vya nywele zilizokatika, na hivyo ndivyo vya kumletea msusi maswali. Ukiona upenyo unaong'aa mbele au juu ya masikio, usishonee tena. Nenda kliniki ya ngozi.

Paka kondishina na uchane kabla maji hayajagusa kichwa, kwa sababu nywele zilizokwisha kung'oka zikilowa zingali ndani hufungamana kuwa donge. Kisha pumzika wiki mbili au zaidi, ukiwa na mabutu au twende kilioni iliyosukwa bila kukazwa. Tepe nazo zioshwe, zining'inizwe kivulini hadi zikauke, mishono iliyolegea ishikizwe kwa uzi, na zihifadhiwe zikiwa zimesukwa ndani ya mfuko wa kitambaa. Nywele nzuri zikitunzwa hivyo hushonewa tena mara mbili au tatu, kila mara nikikata inchi moja ya ncha zilizokauka. Wateja wengi huniambia kwamba walipendeza zaidi mara ya pili, zilipokuwa fupi na zimepungua mng'ao, na ninawakumbusha tu kwamba mafungu mawili ya inchi 12 yalikuwepo dukani tangu mwanzo.